Nani Aliyeuangusha Mji?

Ndugu msikilizaji, chukua mfano huu. Umefika Kilwa Kisiwani, au Gedi kule karibu na Malindi, na mbele yako umesimama ukuta wa mawe ya matumbawe na chokaa, umeinama kama mzee anayetafuta mkongojo wake. Paa halipo. Mawe yametapakaa chini. Mgeni uliyefuatana naye anakuuliza: kitu gani kiliuangusha mji huu? Majibu yako tele. Adui alikuja na moto. Maji ya visima yalikauka. Maradhi yaliwafyeka watu. Ardhi ilitetemeka. Au pengine hapakuwa na lolote kati ya hayo, ila watu walihama, boriti za mikoko zikaoza, dari ikaporomoka, mvua za masika zikaingia ndani ya kuta, na mizizi ya miti ikamaliza kazi iliyobaki. Ukuta ukianguka kwa sababu yoyote kati ya hizo, mawe yake hulala chini kwa namna ambayo mpita njia hawezi kuitofautisha.

Juma hili nataka tuizungumzie sababu moja tu, yaani tetemeko la ardhi, na jinsi wachimbaji wa mambo ya kale wanavyoitambua. Mifano yangu haitakuwa ya pwani yetu. Itatoka katika nchi zinazoizunguka Bahari ya Kati upande wa mashariki, ambako kwa maelfu ya miaka watu wamejenga miji ya mawe juu ya ardhi iliyopasuka. Huko wataalamu wamelitambua tetemeko mara nyingine kwa ustadi wa ajabu, na mara nyingine wamelisingizia. Naam, wamelisingizia. Hata tetemeko husingiziwa.

Tuanze na mtu aliyeipa sababu hii umaarufu. Mwingereza Arthur Evans alianza kuchimba kasri la Knossos, katika kisiwa cha Krete, mwaka 1900. Katika kazi hiyo alikuta nyumba ndogo iliyopondwa na mawe makubwa yaliyoporomoka kutoka kwenye ukuta wa kasri, na jirani yake nyumba nyingine yenye vichwa vya ng'ombe, vilivyowekwa kana kwamba ni sadaka, kabla ya mahali pale kufukiwa. Akashuku tetemeko. Kisha tarehe 26 Juni 1926, jioni, Evans akiwa kitandani katika nyumba yake pale pale Knossos, ardhi ikatikisika. Baadaye alieleza jinsi nyumba ilivyoyumba na jinsi alivyosikia mngurumo kutoka chini, mithili ya sauti ya fahali. Tangu siku ile shaka ilimtoka. Matabaka kadhaa ya maangamizi ya Knossos yakapewa sababu moja.

Si ajabu. Mtu aliyeumwa na nyoka hushtuka akiona ukuti.

Baada yake alikuja Mfaransa Claude Schaeffer, mchimbaji wa mji wa kale wa Ugarit, ulioko Syria ya leo. Mwaka 1948 alitoa kitabu kikubwa ambamo alipanga pamoja matabaka ya miji mingi, kutoka Troy huko Uturuki hadi Palestina na kuendelea mashariki, akadai kwamba zaidi ya mara moja miji hiyo ilianguka kwa wakati mmoja, na kwamba aliyeiangusha ni ardhi. Ni dai kubwa. Lakini hebu litazame kwa makini. Tarehe za matabaka hayo zilikuwa za kukisia, na kosa la miaka hamsini, hata mia, lingeweza kupita bila kuonekana. Ukiwa na kosa la ukubwa huo mkononi, unaweza kuyafanya matetemeko matano yaliyopishana kwa vizazi vitatu yaonekane kama tetemeko moja lililopiga alasiri moja.

Tetemeko, msikilizaji, lina sifa moja inayomtongoza mwandishi wa historia. Halina ukoo wa kulitetea. Ukisema mji uliangushwa na jeshi fulani, utaulizwa: jeshi la nani, liliongozwa na nani, mishale yake iko wapi? Ukisema tetemeko, watu hutikisa vichwa na kupita.

Ndiyo maana napenda kisa cha Kourion, kwani pale watu hawakuruhusiwa kupita hivi hivi. Kourion ulikuwa mji wa pwani ya kusini-magharibi ya kisiwa cha Kipro, ambacho wengi wetu tunakijua kwa jina la Cyprus. Katika miaka ya 1930 wachimbaji kutoka Marekani walikuta pale nyumba iliyoanguka ikiwa na mifupa ya watu ndani yake. Miaka ikapita. Mwaka 1984 Mmarekani David Soren, wa Chuo Kikuu cha Arizona, alirudi mahali pale pale na kuendelea kuchimba kwa misimu kadhaa.

Alichokikuta kilikuwa hivi. Katika chumba kimoja palikuwa na msichana wa miaka kama kumi na mitatu, na karibu yake mnyama wa kubeba mizigo, nyumbu, yaani yule anayezaliwa na farasi na punda. Mnyama alikuwa bado amefungwa kwenye hori la mawe. Kwingine palikuwa na watu watatu pamoja. Mwanamke wa miaka kumi na tisa hivi alikuwa amemkumbatia mtoto wa mwaka mmoja na nusu. Nyuma yake mwanamume, kijana wa miaka ishirini na kitu, alikuwa amewafunika wote wawili kwa mkono na mguu wake. Mawe ya ukuta yalikuwa juu yao. Shingo ya mwanamke ilikuwa imevunjika. Palikuwa pia na pete yenye herufi mbili za Kigiriki zinazoanzia jina la Kristo, alama ambayo Wakristo wa wakati ule walipenda kuivaa.

Nimesoma habari hizo zaidi ya mara moja na kila mara hunibidi kuweka kitabu chini kidogo. Lakini tusikubali huzuni itunyime swali letu. Kwa nini tuseme lilikuwa tetemeko na si vita?

Kwanza, hapakuwa na silaha wala majeraha ya silaha. Pili, nyumba haikuchomwa kwanza, iliporomoka. Tatu, vitu vya watu vilikuwa mahali pake, na adui aliyeingia mjini haachi nyumbu mzima amefungwa horini wala sarafu zimelala sakafuni. Nne, na hili ndilo kubwa kwangu, watu hawakuzikwa. Nyumba inayoanguka kwa uchakavu humkuta mtu mmoja, au haimkuti yeyote, na majirani huja kumfukua. Hapa hakuja mtu. Waliobaki hai huenda walikuwa wachache mno, au walikuwa na maiti wao wengine wa kufukua.

Tena kulikuwa na sarafu. Hapo ndipo mchimbaji anapopata kalenda yake. Sarafu ndogo za shaba zilizokuwa chini ya kifusi zilikuwa nyingi, na za mwisho kabisa kati yake zilitoka mwanzoni mwa enzi ya Valentinian na ndugu yake Valens, walioshika ufalme wa Roma mwaka 364. Baada ya hapo, hakuna kitu. Kwa hiyo nyumba ilianguka mwaka 364 au muda mfupi baadaye. Soren alipoona hivyo alikumbuka, kama ambavyo msomi yeyote wa historia ya Roma angekumbuka, tetemeko mashuhuri la tarehe 21 Julai mwaka 365.

Tetemeko hilo tunalo kwa maandishi. Ammianus Marcellinus, askari aliyegeuka mwandishi wa historia, anasimulia kwamba punde baada ya mapambazuko ardhi ilitikisika, bahari ikarudi nyuma hadi samaki na viumbe vya vilindini wakabaki kwenye tope, watu wakashuka kuwaokota kwa mikono, na kisha maji yakarejea kwa nguvu na kuua maelfu. Huko Alexandria meli zilitupwa juu ya mapaa. Yeye mwenyewe anasema aliiona meli moja ikioza maili mbili ndani ya nchi kavu, karibu na Mothone huko Ugiriki. Na si maneno matupu. Pwani ya magharibi ya Krete ilinyanyuliwa hadi kufikia mita tisa hivi, na alama ya ufuko wa zamani bado inaonekana kwenye majabali, kama mstari wa maji kwenye ukuta wa birika.

Basi mambo yakaonekana kukamilika: sarafu za 364, tetemeko la 365, familia chini ya ukuta. Kisa kilienea duniani.

Lakini pima masafa. Kutoka magharibi ya Krete hadi Kourion ni zaidi ya kilomita 800. Ni kama kutoka Dar es Salaam kwenda Tabora kwa barabara. Tetemeko kubwa lililotokea chini ya bahari karibu na Krete laweza kuhisiwa Kipro, na wimbi lake laweza kufika, lakini je, laweza kubomoa nyumba za mawe kiasi cha kumvunja mtu shingo? Wataalamu kadhaa wa matetemeko wanasema hapana. Wanaona kwamba Kourion iliangushwa na tetemeko jingine la karibu, katika miaka hiyo hiyo, na kwamba waandishi wa kale, na wa sasa pia, wameyakusanya matetemeko kadhaa ya karne ile ya nne na kuyaingiza katika gunia moja lililoandikwa 365. Mimi naegemea upande wao. Sarafu zinatwambia mwaka baada ya upi. Hazitwambii siku, wala hazitwambii kitovu kilikuwa wapi.

Pengine utauliza: kuna tofauti gani, iwapo waliokufa wamekwisha kufa? Tofauti ni kubwa kwa wanaoishi Kipro leo. Ukiamini kwamba Kourion iliuawa na tetemeko la Krete, utasema hatari ya Kipro inatoka mbali na huja mara moja katika maelfu ya miaka. Ukiamini kwamba tetemeko lilikuwa la hapo hapo, ina maana ufa uko chini ya miguu yako, na mhandisi anayepanga nondo za shule au hospitali atapaswa kufanya hesabu nyingine kabisa. Orodha za matetemeko ya kale zinatumika katika hesabu hizo. Kosa la mwandishi wa historia humalizikia kwenye nguzo ya zege.

Nitoe jambo dogo kabla hatujaondoka pale. Kourion haikufa. Baadaye ilijengwa tena, ikapata kanisa kuu, na tajiri mmoja aitwaye Eustolios akawajengea watu wa mji nyumba ya kuogea. Maandishi aliyoacha sakafuni yanasema kwamba aliiona dhiki ya watu waliokuwa na neema zamani, na hakuusahau mji wa wazee wake.

Sasa twende kwenye mfano ambao wasikilizaji wengi wanaujua kutoka kwenye Biblia. Kitabu cha nabii Amosi kinaanza kwa kutaja kwamba maono yake yalikuja miaka miwili kabla ya tetemeko, katika siku za mfalme Uzia wa Yuda. Tetemeko lililotumika kama kalenda lazima lilikuwa kubwa. Katika miaka ya 1950 Yigael Yadin alichimba mji wa Hazor, kaskazini mwa Galilaya, akakuta nyumba za karne ya nane kabla ya Kristo ambazo kuta zake zilikuwa zimeinama na dari zimeanguka ndani. Akasema: hili ndilo tetemeko la Amosi. Ni kauli inayokubalika.

Tabu ilianza baadaye. Kwa kuwa sasa tarehe ilikuwepo, kila mchimbaji katika nchi ile aliyekuta ukuta ulioinama katika tabaka la karne ya nane aliupa tarehe ya Amosi. Kisha wengine wakaja wakahesabu: tazameni, miji mingi imeanguka wakati mmoja, tetemeko la Amosi lilikuwa la kutisha kupita yote! Umeona mzunguko ulivyo? Ukuta umepewa tarehe kwa sababu ya tetemeko, halafu ukubwa wa tetemeko unathibitishwa kwa ukuta. Ni kama mtu anayemleta ndugu yake awe shahidi, na ndugu naye anasema ameyasikia yote kutoka kwa yule yule mlalamikaji.

Hata hivyo dai lenyewe si lazima liwe la uongo. Mwaka 2021 Idara ya Mambo ya Kale ya Israel ilitangaza kwamba huko Yerusalemu, katika tabaka la karne hiyo ya nane, limekutwa jengo lenye safu ya vyombo vilivyopondwa na ukuta ulioanguka, na hapakuwa na dalili ya moto. Kukosekana kwa moto ni jambo la maana, kwa sababu majeshi ya zama zile yaliposhinda yalichoma. Vyungu vilivyovunjika papo hapo, bila moto, katika mji ambao hatuna habari ya kutekwa kwake wakati huo: huo ni ushahidi uliojitegemea, haukuazima tarehe kwa Hazor.

Na Yeriko? Najua swali linakuja. John Garstang alichimba pale katika miaka ya 1930, akaonyesha ukuta ulioanguka akasema ni wa siku za Yoshua, na kwamba yamkini ardhi ilitetemeka. Kathleen Kenyon akaja mwaka 1952, akachimba kwa taratibu, tabaka kwa tabaka, akagundua kwamba ukuta ule ni wa zamani zaidi kwa karibu miaka elfu moja. Alikubali kwamba baadhi ya kuta za Yeriko ziliwahi kuangushwa na matetemeko, kwani mji ule umekaa penye ardhi iliyopasuka. Lakini ukuta wa Garstang haukuwa ukuta alioutafuta. Sisemi hili ili kugusa imani ya mtu. Imani haikusubiri koleo la Garstang.

Kutoka Yeriko, ukifuata bonde la Mto Yordani kuelekea kaskazini, unafika Baysan, mji ambao Wagiriki na Warumi waliuita Scythopolis na Wayahudi wanauita Beit She'an. Huu ndio mfano unaoniridhisha kuliko yote. Waandishi wa kale, Wakristo, Waislamu na Wayahudi, walisimulia juu ya tetemeko kubwa la katikati ya karne ya nane baada ya Kristo, mwishoni mwa utawala wa Bani Umayya. Lakini hawakukubaliana mwaka. Ukizilinganisha kalenda zao unapata 746, 747, 748, 749. Wasomi walibishana kwa muda mrefu.

Wachimbaji wa Chuo Kikuu cha Kiebrania, Yoram Tsafrir na Gideon Foerster, walipofika kwenye barabara kuu ya Baysan walikuta nguzo zimelala juu ya barabara na safu ya maduka imefunikwa na kifusi. Chini ya kifusi cha duka moja palikuwa na hazina ya dinari za dhahabu. Dinari za Bani Umayya zina fadhila ambayo sarafu za Kirumi hazina: zimeandikwa mwaka wa Hijra waziwazi. Ya mwisho katika hazina ile ilikuwa ya mwaka 131. Mwaka huo wa Hijra ulianza mwishoni mwa Agosti 748. Basi duka halikuanguka kabla ya hapo. Tetemeko, ambalo mapokeo yaliliweka tarehe 18 Januari, likawa ni la Januari 749, na mabishano yakafikia mwisho wake. Mwenye duka, ambaye hatumjui hata jina, aliificha mali yake isiibwe, na kwa kufanya hivyo akawaamua wasomi wa dini tatu.

Kuna jambo jingine katika kifusi kile. Kwa miaka mingi iliandikwa kwamba miji ya nchi ile ilinyauka mara tu Waarabu walipoitwaa katika karne ya saba. Baysan inasema vingine. Khalifa Hisham, aliyetawala kuanzia mwaka 724 hadi 743, alijenga soko pale, na maandishi yake ya vigae vidogo vya rangi yamepatikana. Maduka yalikuwa na bidhaa. Barabara zilikuwa zimebanwa na vibanda, ni kweli, lakini barabara iliyobanwa na vibanda ni dalili ya biashara. Aliyepita Kariakoo anaelewa. Mji haukuuawa na dini mpya wala lugha mpya. Uliangushwa kwa dakika chache, siku moja ya baridi, ukiwa katika shughuli zake.

Kwa upande wa pili, liko kasri karibu na Yeriko liitwalo Khirbat al-Mafjar, maarufu kama kasri la Hisham. Vitabu vingi vimesimulia kwamba lilibomolewa na tetemeko hilo hilo la 749 kabla halijamalizika kujengwa, likaachwa tangu siku ile. Ni hadithi tamu. Mpalestina Dmitri Baramki, aliyelichimba katika miaka ya 1930 na 1940, alichambua vyungu na kueleza kwamba watu waliendelea kukaa pale hadi zama za Bani Abbas. Hakusikilizwa sana, hadi mwaka 1988 Mmarekani Donald Whitcomb aliposoma upya vyungu vile na kumuunga mkono. Kasri lilitikiswa, sehemu zikaanguka, watu wakarudi, wakapika, wakavunja vyungu vyao kama kawaida. Tetemeko liliposingiziwa mwisho wa kasri, wale waliorudi walifutwa katika historia.

Sasa niseme kidogo juu ya alama zenyewe. Mtalii akiona nguzo za hekalu zimelala sambamba kama magogo yaliyopangwa, mwongozaji humwambia: tetemeko lilitoka upande ule. Mfano unaopendwa ni kanisa la Susita, juu ya Bahari ya Galilaya. Mwaka 2009 Mjerumani Klaus-G. Hinzen alizijaribu nguzo za namna hiyo kwa hesabu za kompyuta, akaona kwamba mwelekeo wa kuanguka haumwambii mtu kwa uhakika tetemeko lilitoka wapi. Alama inayoaminika zaidi ni ndogo na haipigwi picha sana: jiwe la katikati ya tao lililoteremka kidogo na kunasa. Ili lishuke, tao lazima lipanuke kwa nukta ya sekunde kisha lijibane tena. Uchakavu haufanyi hivyo, na adui mwenye nyundo hana subira hiyo.

Lakini alama inayozishinda zote ni ukuta uliojengwa juu ya ufa wenyewe. Kaskazini mwa Bahari ya Galilaya, kwenye kivuko cha Mto Yordani, Wapiganaji wa Msalaba walianza kujenga ngome mwishoni mwa mwaka 1178. Salahuddin aliiteka na kuibomoa Agosti 1179, hata mwaka haujatimia. Bila kujua, walikuwa wamezijenga kuta zake zikikatiza ufa wa ardhi. Zilipofukuliwa katika miaka ya 1990, ilionekana kwamba ukuta ulionyooka umekatika, na upande wa mashariki umesogea kaskazini kwa mita 2.1. Wataalamu wakiongozwa na Ronnie Ellenblum walieleza mwaka 1998 kwamba sehemu kubwa, mita 1.6 hivi, ilitokea katika tetemeko la Mei 1202, na nusu mita iliyobaki katika lile la Oktoba 1759. Nusu mita hiyo waliipima kwenye jengo la ibada la Waislamu lililojengwa baadaye pale pale, ambalo kwa kuwa lilikuja baada ya 1202 lilisogea mara moja tu. Salahuddin anabeba lawama ya kubomoa, nayo ardhi inabeba lawama ya kukata. Kila mmoja ana sehemu yake na zinatenganishwa kwa rula.

Ufa huo wa Yordani unashuka hadi Bahari ya Shamu, na Bahari ya Shamu nayo inakutana na Bonde letu la Ufa kule Afar, Ethiopia. Kwa hiyo habari hizi si za majirani wa mbali kama zinavyosikika. Tarehe 13 Desemba 1910 eneo la Rukwa lilipigwa na tetemeko linalokadiriwa kuwa na nguvu ya 7.4, mojawapo ya makubwa kabisa kuwahi kupimwa barani Afrika. Septemba 2016 tetemeko la 5.9, dogo mno likilinganishwa na hilo, liliua watu zaidi ya kumi na watano Bukoba na kuangusha nyumba kwa maelfu. Tofauti ilikuwa katika kilichosimama juu ya ardhi. Nyumba nyingi za Ufipa mwaka 1910 zilikuwa za miti, udongo na nyasi. Zikianguka, hujengwa tena, na hakuna mchimbaji atakayekuta nguzo zimelala wala dinari chini ya kifusi.

Kwa hiyo huko wataalamu wanaisoma ardhi yenyewe. Katika uwanda wa Ufipa upo ufa uitwao Kanda, unaoonekana kama ngazi ndefu katika nchi, na baadhi yao wanashuku kwamba huo ndio uliovunjika mwaka 1910. Wanataka kujua ulivunjika mara ngapi kabla ya hapo, na kwa kipimo gani kila mara. Hawana ukuta wa Salahuddin wa kuwasaidia. Mji wa Sumbawanga uko karibu na ufa huo, na siku hizi unajengwa kwa matofali.